Tulivyoomba Jina la Wanjiru Lisitajwe

Nimejiaibisha kanisani hapa Bahati, na bado natembea kifua mbele.

Mjukuu wangu Wanjiru huchunguza matope ya baharini, ajue pwani inaliwaje na maji. Juzi akanipigia simu: "Shosho, wasomi wa nchi nyingi wananitaja kwenye maandishi yao!"

Kwetu mtu akitajwa sana, ujue ana kesi. Nikawaita akina mama, tukafunga na kuomba midomo hiyo yote inyamaze.

Jumapili Wanjiru akaja na mkubwa wake wa chuoni. Mkubwa akasema mbele ya kanisa, "Kila anayemtaja ni kwa sababu ameitegemea kazi yake. Ndiyo maana leo ni profesa!"

Mama Kamau akapaza sauti: "Kwani si tulifunga wanyamaze?"

Kanisa zima likanigeukia. Nikasimama nikapiga vigelegele. "Asante Mungu, hukunisikia!"