Taa ya Nyuma ya Pikipiki ya Baba

Pale sokoni Tunduma kuna fundi wa katambuga, vile viatu vya matairi. Kila akipitisha kisu kwenye mpira wa tairi, harufu yake hunifikia hata nikiwa ng'ambo, kwenye meza za nyanya, na miguu yangu husimama yenyewe. Wajukuu hunivuta mkono wakidhani bibi kachoka. Sijachoka. Niko Nanyala, enzi za Mwingereza, nina miaka tisa, nimechuchumaa nyuma ya pikipiki ya baba.

Pikipiki ile, ndugu msomaji, haikuwa na mwenzake Mbozi nzima. Baba aliinunua ikiwa maiti, akaifufua kwa vyuma vya kuokoteza. Nyuma aliirefusha kwa chuma cha kitanda ili ibebe magunia ya kahawa, na kwenye chuma hicho akabana, kwa bangili ya chuma, taa nyekundu iliyotoka kwenye lori bovu. Ilikuwa kubwa kupita kiasi. Majirani walisema kampachika kuku jicho la ng'ombe. Nyaya alizivalisha vipande vya mpira wa ndani wa tairi, na mama ndiye aliyemkatia, huku akimsikiliza akieleza kwamba mpira huuzuia umeme usitoroke.

Wacheke wasicheke, taa ile ilikuwa yangu. Baba alipoondoka alfajiri na kahawa, nilisimama ukingoni mwa shamba nikiitazama ikipanda mwinuko, ikizama kwenye ukungu, ikichomoza tena, hadi kona ilipoimeza. Hapo ndipo niliporudi ndani kunywa uji.

Mwaka mmoja baba akapata kazi kwenye karakana ya mgodi, huko Rodeshia ya Kaskazini. Alitakiwa aripoti Jumatatu, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Angeondoka Jumamosi kabla ya jua. Ijumaa mchana akazijaribu taa: ya mbele ikawaka, ya nyuma ikagoma. Na askari wa mpakani siku hizo alimrudisha mtu hata kwa taa ya baiskeli.

"Bila taa siendi," baba alisema. Mama alikuwa barazani akichambua kahawa. Hakuinua uso.

Mimi machozi yalinilengalenga. Msinielewe vibaya. Kuondoka kwake hakukunitisha, kwa kuwa siku zote alirudi. Nilicholilia ni ile nyekundu yangu mlimani.

Baba alitoa globu akaigusisha na betri, ikawaka. Akaufuata waya kiganja kwa kiganja, chini ya kiti, kando ya chuma cha kitanda, akafunga upya kila palipochubuka. Taa haikuwaka. "Umeme unafika," alinung'unika, "ila haupati pa kurudia. Umeme, mwanangu, hauendi mahali usikojua njia ya kurudi." Akanieleza kuwa waya wa kwenda ulikuwa mmoja tu, na njia ya kurudi ilikuwa chuma chenyewe. Basi akakwangua kutu hapa na pale, akakaza kila boliti, shati likamlowa jasho mgongoni. Mwishowe akakaa chini, akasema labda Mungu hataki aende.

Nikajipenyeza chini ya madigadi, nikalala chali. Kati ya ile bangili na chuma cha kitanda, chini ya vumbi na grisi, niliona ukingo mweusi usiong'aa. Nikauparua kwa ukucha.

"Baba, humu kuna mpira."

Aliilegeza bangili akavuta. Ukatoka ukanda mrefu, umezungushwa kwa ustadi mara mbili. Alipoirudisha bangili, chuma kwa chuma, taa ikawaka, uso wangu wote ukawa mwekundu. Baba akaugeuzageuza ule ukanda mkononi, kisha akatazama barazani.

"Mama Eliza, huu umeuweka wewe?"

"Nimeuweka mimi," mama alisema. "Taa ilikuwa inagongagonga, Baba Eliza. Nikaogopa kioo kitapasuka njiani."

"Mpira haupitishi umeme."

"Ningejuaje mimi, mtu wa jembe?"

Baba alimtazama. Akautia ukanda mfukoni, akanirusha juu, akaniita fundi mkuu. Nilipopita barazani mama alinishika shavu kwa kiganja kilichonuka kahawa. "Una macho makali, mwanangu," aliniambia. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima, nikiwaringia watoto wenzangu.

Alfajiri taa ikapanda mwinuko, ikazama, ikachomoza, kona ikaimeza. Nikarudi kunywa uji. Zilikuja barua mbili, kisha hata salamu hazikuja. Waliorudi kutoka migodini walisema wamemwona mji huu, wengine mji ule. Nilimtamani baba mpaka nikazoea kumtamani, na hadi leo, taa za malori zinapopanga foleni kwenda mpakani, natafuta moja iliyo kubwa kupita kiasi.

Miaka mingi baadaye tukimwandaa mama kwa mazishi, nilizitoa katambuga zake chini ya kitanda. Ya kushoto haikuwa na ukanda wa nyuma, ule wa mpira. Mahali pake palifungwa kamba ya katani, iliyokwisha kuwa nyeusi kwa kuvaliwa. Alikwenda nayo shambani, kanisani na kisimani, miaka yote tangu ile Ijumaa, nami nikimfuata nyuma, na macho yangu haya makali.