Kurasa Mbili Zilizogandana

Nyumbani walimwita Kilatini, na si kwa sifa. Alikuwa amemaliza miaka minne chuo kikuu akisoma Kilatini na Kigiriki cha kale, na kila ndugu walipokutana mjomba wake alimuuliza swali lile lile: lugha hizo ataongea na nani, na wenyewe walishakufa wote? Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Akishamaliza kumtania mpwa wake, mjomba alihamia kwenye lalamiko lake la kudumu. Miaka kumi na tisa anatibiwa presha hospitali moja, na kila akienda kompyuta inasema hayupo, anaandikiwa kadi ya muda kama mgeni.

Kazi ya kufundisha lugha hizo Kilatini hakuipata, ng'o. Basi akajifungia na kompyuta miezi minane, na kampuni moja ya ushauri wa TEHAMA ikamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Aliamka akiwa na hamu nayo, akaoga akiimba, akafika ofisini kabla ya mfagizi. Ila mkuu wake, bwana ambaye miwani yake ilikaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni, alishamwambia waziwazi: Ijumaa ya mwisho ataamua kama anabaki au anakwenda zake.

Wiki hiyo ya mwisho wakatumwa hospitali ile ile ya mjomba, kuunganisha orodha za wagonjwa ziwe moja. Zilikuwa tatu: ya mapokezi, ya maabara na ya dirisha la dawa. Mkuu alizilinganisha, akakuta zinakubaliana, akasugua mikono. Stoo kulikuwa na daftari kuukuu la mkono, limelaliwa na ndoo za usafi. Hilo akasema litupwe. Orodha tatu zikisema kitu kimoja, daftari moja lina lipi la kubisha?

Kilatini, kwa uchokozi tu, akamtafuta mjomba wake. Mapokezi hayumo. Maabara hayumo. Dirisha la dawa hayumo. Akashikwa na furaha isiyo na adabu, akajiziba mdomo asicheke mbele za watu, maana ugonjwa huu aliujua. Miaka minne alikuwa amelinganisha nakala za vitabu vya kale, na somo la kwanza kabisa lilikuwa hili: nakala zikiruka maneno mahali pamoja, zote zimetoka kwenye nakala moja iliyoruka. Hawa hawakuwa mashahidi watatu. Shahidi alikuwa mmoja, na alisinzia kazini.

Mbio mpaka stoo. Karani wa kumbukumbu, mama wa makamo aliyeshinda ofisini na ndala, alimsaidia kuhamisha ndoo. Wakapekua daftari mpaka wakafika mahali ambapo kurasa mbili zilizotazamana zilikuwa zimegandana kwa chai ya zamani. Aliyeingiza orodha ya kwanza kwenye kompyuta alizigeuza kama karatasi moja, akaendelea na safari yake. Karani akaziachanisha kwa rula, taratibu, ulimi nje. Watu arobaini na wanne. Wa tatu kutoka juu, mjomba.

Mkuu hakushawishika. Pengine, alisema, watu hao waliondolewa makusudi. Kilatini akapiga simu, akaweka sauti ya juu, akamuuliza mjomba alianza lini kutibiwa pale.

"Wiki uliyoanza darasa la kwanza, na mpaka leo naenda," mjomba akajibu. "Nilitoka huko na kadi yangu nikakukuta umevaa soksi mbili za rangi tofauti. Kwani wameniona?"

Mkuu akashusha miwani machoni, mara ya kwanza kwa miezi mitatu, akasoma tarehe kwenye daftari. Ilikuwa wiki ile ile ya kufungua shule, miaka kumi na tisa nyuma. Akasoma majina yote arobaini na manne, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Daftari halitupwi," akasema. "Wala wewe."

Kilatini na yule karani wakakumbatiana na vumbi lao lote.

Mwezi uliofuata, asubuhi, mjomba alimpigia akiwa kwenye benchi la hospitali. Kwanza alikohoa.

"Nimefika dirishani, binti akaniita jina kabla sijakaa," akasema. "Akaniambia karibu tena, mzee. Umesikia? Tena." Akakohoa mara ya pili. "Sasa mama yako asijue, lakini hicho Kilatini, mtu akitaka kuanza, anaanzia wapi?"