Aliyeitikia Kwenye Namba Kumi na Nne

Redio ilipotangaza kwamba wananchi wapige kura kuchagua nyimbo bora za nchi tangu uhuru, nilikuwa napukuchua mahindi na wala sikuinua kichwa. Mambo ya redio nayajua. Leo bora ni huyu, kesho bora ni yule, na sabuni inayotangazwa katikati ni ile ile. Lakini mtangazaji akaanza kusoma orodha, na alipofika namba kumi na nne akaweka kipande cha wimbo. Mikono yangu ikasimama.

Wimbo ule ni wa bendi ya shamba la mkonge nilikozaliwa, upande wa Korogwe. Mwanamume anaimba kwamba mkataba wake umekwisha, anarudi kwao, na mwanamke anamwitikia mara nne. Sauti hiyo ya kike ni yangu. Naisema mapema ili usomaye usidhani nakuzungusha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza, wala sikumwambia mtu. Mume wangu amekufa hajui.

Hapa nyumbani kwetu Chanika najulikana kwa kuzima redio. Wimbo ule ukianza nainuka, nazima, nasema ondoeni makelele hayo, nyumba hii si kilabu. Wanangu wamekua wakijua mama yao hapendi muziki. Hapendi! Nilikuwa nauogopa uso wangu mwenyewe usije ukanisema.

Basi jioni ile, tukiwa tunakula bada, ugali wetu wa muhogo, mwanangu wa pili, anayeuza spea za pikipiki kule stendi, akaanza kubishana na binti yake anayesoma chuo. Ubishi wao haukuwa wa kawaida, ulikuwa wa kumwaga mboga.

"Wimbo bora ni ule uliosimamisha nchi," akasema mwanangu. "Ukipigwa, watu wanaacha kazi wanasikiliza."

"Baba, enzi hizo redio ilikuwa moja! Watu wangesikiliza nini kingine, mbuzi?"

"Nyie nyimbo zenu zinakaa wiki mbili, zinasahaulika."

"Wiki mbili lakini zinachezwa mpaka nje ya nchi. Zenu mnacheza mmekaa kwenye viti." Kisha akanigeukia, maana ana mazoea ya kunitania. "Mke mwenzangu, weye kura yako unampa nani? Au unampa yule anayetangaza vifo?"

"Kumi na nne," nikasema.



"Si ndio huo unaouzimaga?" akauliza mjukuu.

"Kumi na nne. Andika kwenye hiyo simu, utume."

Mwanangu akafurahi, akadhani amepata mtu wa upande wake. "Mama kasema kweli. Pale mara ya tatu, mwanamke anapokatika sauti, mwili wote unasisimka. Mtangazaji kasema yule mama alikuwa analia kweli. Kaka yake alikuwa ameondoka na treni asubuhi ile ile."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningekula bada yangu nikanyamaza, nisingekuwa na la kuandika leo.

"Halii," nikasema. "Anakohoa."

"Mama, nchi nzima inajua analia."

"Nchi nzima haikuwepo. Lilikuwa vumbi la magunia."

"Weye umejuaje?"

"Kwa sababu ni miye."

Walicheka. Mwanangu alicheka mpaka akaweka tonge chini. Mjukuu akasema, "Bibi leo kaamka vibaya," akanipiga picha. Wakanieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto, kwamba mwimbaji yule anajulikana, alikuwa mke wa kiongozi wa bendi, ni marehemu, na watoto wake wamehojiwa redioni juzi tu. Nikaambiwa hivyo kwenye nyumba niliyoijenga miye, nikamega tonge jingine, maana jibu nililokuwa nalo halisemwi mbele ya mwanamume.

Jibu lenyewe ni hili. Baba yangu aliletwa shambani kama manamba kutoka kusini, lakini mama alikuwa Mzigua, na mama alinilea kwa mila za kwao. Wakati gari la redio linakuja kurekodi bendi, nilikuwa mwali wa ndani. Mwali wa ndani haonwi, haitwi jina, na sauti yake haivuki ukuta. Tulikuwa wawili, na aliyetufunda, somo yetu, alikuwa mama mzazi wa mwenzangu. Siku hiyo mke wa kiongozi wa bendi alikuwa kitandani na homa. Kiongozi alikuwa amenisikia nikiimba kwa chinichini nyuma ya nyumba, kambi zile kuta zake zilikuwa nyembamba. Akaja kwa somo na doti mbili za kanga. Somo akanifunika gubigubi, akanipitisha nyuma hadi ghalani walikorekodia, wakatundika magunia ili wanaume wasinione. Mwenzangu alishika ncha ya kanga nisijikwae. Nikaitikia mara nne, nikarudishwa ndani. Watu wa redio walipouliza ni sauti ya nani, kiongozi akasema ya mke wangu. Angesema nini? Mwali hatajwi.

Kesho yake nikapanda basi la Korogwe kumfuata mwenzangu yule. Yeye peke yake ndiye aliyebaki anayejua. Nilimkuta uani anachambua maharage.

"Umeniletea kura yako," akasema kabla sijakaa. Naye alikuwa amesikia.

"Nataka useme ulikuwepo."

"Nilikuwepo wapi?"

"Ghalani."

"Miye nilikuwa ndani. Na weye ulikuwa ndani. Tulitolewa siku moja, tukachezwa, tukatuzwa."

"Mwenzangu, nina miaka sabini na mbili. Watu wanagawana sauti yangu redioni."

Akaweka ungo chini. "Na mama yangu yuko kaburini. Unataka watu wa kwetu waseme alimtoa mwali kabla ya siku yake, kwa doti mbili? Binti yangu ndiye anayeitwa sasa kufunda watoto wa watu. Nani atamkabidhi mwanawe tena?"

"Kwani ni uongo?"

"Sikusema ni uongo. Nimesema usiseme."

Tulivutana mpaka maharage yakaiva, tukala bila kutazamana. Nilipoaga akanifungia mkungu mdogo wa ndizi za Vugiri. Nusura nizikatae. Njia nzima nilikuwa nagawa mali ile kichwani: mama yake kapata kanga, yeye analinda heshima, mke wa kiongozi kapata jina, na miye nimepata ndizi. Na kilichoniudhi zaidi, lile la binti yake lilikuwa kweli. Miye mwenyewe wajukuu wangu wawili walifundwa na binti huyo, na nilisimama mlangoni nikijisifu.

Kufika nyumbani, mjukuu ananisubiri amekunja mikono, uso wote kicheko. Alikuwa ameingia kwenye simu, akausikiliza wimbo tena na tena, kisha akasikiliza video aliyowahi kunichukua nikiwaita kuku. Akasema ni sauti moja. Hakuwa ananicheka tena miye, alikuwa anacheka kwa furaha. Na alikuwa ameshawaandikia watu wa redio.

"Wanapiga saa nne asubuhi, bibi. Hewani! Nchi nzima itakusikia."

Sikulala vizuri. Asubuhi mwanangu hakwenda stendi. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, amevaa shati la Ijumaa, na hakusema neno la mzaha. Nilimtazama nikajua ameanza kuamini. Mtoto wa miaka hamsini, anangoja kusikia mama yake ni nani.

Simu ikaita.

"Shikamoo bibi," akasema mtangazaji, sauti ya asali.

"Marahaba."

"Tumeambiwa wewe ndiye mwimbaji halisi wa namba kumi na nne. Tueleze bibi, ilikuwaje? Ulirekodia wapi, nani alikuwepo?"

Nani alikuwepo. Swali hilo halina jibu lisilopita kwa somo. Nilimwona mjukuu ananiashiria kwa kichwa kunihimiza. Nilimwona mwanangu amejiinamia.

"Umeambiwa na mtoto," nikasema. "Tulikuwa tunataniana."

"Kwa hiyo si wewe, bibi?"

"Si miye."

Akacheka, akanishukuru, akaweka tangazo la sabuni. Mwanangu akainuka, akavua shati lile akavaa la kazi, akaenda stendi. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Mjukuu alilia. Aliniambia nimemfanya mwongo mbele ya watu, na ni kweli nimemfanya.

Wimbo ukashika nafasi ya tatu. Watoto wa yule marehemu waliitwa studio, wakasema mama yao kila akiukumbuka wimbo alilia. Huenda alilia. Siwalaumu, wao wameambiwa hivyo. Nililaumu redio nikaizima, kisha nikaiwasha tena kwa sababu hata kuzima sasa hakuna maana.

Wiki iliyofuata nilimwita mjukuu na mkwe wangu, mama yake, chumbani, tukafunga mlango, nikawaeleza yote tangu mwanzo, kike kwa kike. Mwanangu bado hajui. Anaingia na kutoka, anasalimia vizuri, lakini kuna kitu kimepungua machoni mwake na siwezi kukirudisha bila kumwambia ya ndani.

Haya nimeyaandika kwenye daftari, na bila jina la mtu. Nilimsomea mwenzangu kwa simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema nitoe jina la kijiji cha mama yake. Nimelitoa. Akasema nibadilishe na namba ya wimbo. Nimebadilisha. Akasema basi sasa hakuna atakayejua ni nani, na alisema hivyo kama mtu anayenipa habari njema.