Boksi la Bomba la Kahiga

Jumanne tarehe 14 Agosti 2007, Ezekiel Khisa alipimwa masikio katika kliniki moja mjini Nakuru, na kadi yake ikaandikwa kwamba hasikii tena sauti nyembamba, si kwa sikio la kulia wala la kushoto. Sauti nene alizisikia vizuri. Daktari alimuuliza anafanya kazi gani. Khisa alipomjibu, daktari alicheka kidogo, kisha akakohoa kuficha kicheko.

Khisa alikuwa akitengeneza maboksi ya wufa, zile spika kubwa za besi zinazokaa kwenye buti la gari. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Bungoma na kufia Nakuru. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amesimama kwenye benchi nyuma ya duka la Surjit, muuzaji wa vifaa vya magari, kati ya msumeno wa umeme na spika zilizofunguliwa hadi mwisho. Hakuwahi kuziba masikio. Masikio ndiyo yaliyokuwa kipimo chake.

Kipimo kingine kilikuwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili la kupimia mahindi sokoni. Wengine walipiga hesabu za ujazo kwenye karatasi. Khisa alimwaga mahindi ndani ya boksi na kuhesabu makopo. Watu wa Naivasha na Kericho walikuja kumuulizia kwa jina, na Surjit aliwajibu vilevile kila siku: "Mimi nauza tu. Muulizeni Khisa." Nyumbani kwake, mtaa wa Rhonda, majirani walimwita Bwana Besi, na mkewe Naliaka aliitwa Mama Besi sokoni, jina alilolichukia na kuliitikia.

Kwa hiyo alipotoka kliniki alijua jambo moja tu. Habari hii ikimfikia Surjit, benchi halitakuwa lake tena.

Kila mteja aliulizwa swali lilelile: boksi la kuziba au boksi la bomba? La kuziba limefungwa pande zote. Besi yake ni fupi na kavu, inagonga na kunyamaza. La bomba lina tundu lenye kipande cha bomba, hewa inatoka na kuingia humo, na besi yake ni kubwa zaidi, inatangulia gari mtaani. Lakini bomba likiwa jembamba, au mdomo wake ukiachwa na makali, hewa hupiga mluzi. Mluzi ule ni sauti nyembamba. Zamani Khisa aliinamisha sikio mdomoni mwa bomba, akapiga tupa, akasikiliza, akapiga tena, mpaka mluzi ukafa.

Tangu Agosti alimshauri kila mteja achukue la kuziba. Mwenye teksi, la kuziba. Mchungaji aliyetaka gari la mahubiri, la kuziba. Aliyeligundua hilo alikuwa Hiram, fundi wa waya, ambaye kwa miaka sita alikuwa akilala chali chini ya dashibodi za watu akivuta nyaya.

"Mzee, siku hizi bomba limekukosea nini?" aliuliza siku moja wakinywa chai.

Khisa alimwambia ukweli. Hakuwa na mwingine wa kumwambia. Hiram alisikiliza mpaka mwisho, akamwahidi kwamba atakuwa masikio yake. Walikubaliana ishara. Boksi likijaribiwa, Hiram asimame mbele yake. Akiweka bisibisi nyuma ya sikio, ni safi. Akiitia mfukoni, kuna mluzi.

Mwanzoni mwa Oktoba akaja Kahiga, kijana wa Molo mwenye malori mawili ya viazi na Subaru moja ya kujionyesha.

"Niaje fundi. Nataka bomba."

"Kwa Subaru chukua la kuziba," Khisa alisema. "Besi inakuwa kali, na buti inabaki na nafasi."

"Nafasi ya nini? Viazi nabeba na lori." Kahiga akamgeukia Surjit. "Boss, huyu buda wako anajua kutengeneza bomba ama tumrudishe shule?"

Surjit hakuinua macho kwenye gazeti. "Khisa, mtengenezee anachotaka."

Boksi lilimeza gorogoro ishirini na moja. Tatizo lilikuwa gurudumu la spea, ambalo Kahiga alikataa kulitoa. Boksi likabanwa nyuma, na bomba la inchi nne likakosa nafasi ya urefu wake. Khisa aliweka la inchi tatu. Alijua ni hatari. Alijua pia kwamba ukingo ukilainishwa kwa uangalifu, la inchi tatu linaweza kunyamaza, na kwamba kuna mtu wa kumwambia limenyamaza au la.

Alhamisi jioni walilijaribu. Khisa alipandisha sauti, akamtazama Hiram. Bisibisi ilikuwa nyuma ya sikio.

"Una hakika?"

"Safi, mzee."

"Ngoja nipandishe kidogo." Akapandisha. Bisibisi haikutoka ilipokuwa.

"Unataka nikuapie?" Hiram alisema.

Jumamosi Kahiga alikuja na marafiki wawili. Boksi likaingizwa butini, muziki ukafunguliwa uani. Khisa aliweka kiganja juu ya mbao akafumba macho. Besi ilipanda mkononi hadi kwenye bega, ya duara, haina mtikisiko. Ilikuwa kazi nzuri. Alipofumbua macho, Kahiga alikuwa amekunja uso kama aliyelamba ndimu.

Muziki ulizimwa. Sauti za wanaume Khisa alizipata nusu. Nusu nyingine alikuwa akiisoma midomoni.

"Hiyo ni nini?" Kahiga aliuliza.

"Ni besi."

"Nauliza hiyo filimbi! Umeniwekea refa kwa buti?"

Marafiki walicheka. Khisa alimtazama Hiram, na bisibisi ilikuwa palepale, nyuma ya sikio.

"Hakuna filimbi," Khisa alisema.

Kahiga aliwasha tena, akapandisha sauti hadi vioo vya gari vikatetemeka. "Sasa! Inalia ama hailii?"

Khisa alitazama bisibisi. "Hailii," alisema, kwa sauti ya fundi anayeulizwa upuuzi.

Ua mzima uliangua kicheko. Mama wa mahindi ya kuchoma aliyekuwa langoni aliziba masikio kwa vidole akicheka naye. Surjit hakucheka. Alizima muziki mwenyewe, akamkaribia Khisa, akatoa leso, akajipangusa mdomo na kuiacha leso palepale. Kisha akasema kitu.

Khisa aliona leso ikitikisika kidogo. Alichagua jibu lililoelekea kufaa. "Gundi imekauka, boss. Tangu jana."

Hiram alimweleza baadaye, bila kuombwa, kwamba swali lilikuwa: "Khisa, una watoto wangapi?"

"Boss, nipe na mimi," Kahiga alisema. Dakika chache kabla alikuwa na hasira ya kudai kazi irudiwe, na sasa alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Surjit alimtazama mteja wake, akampa leso.

Kahiga aliuliza maswali matatu nyuma ya leso ile. Kwa la kwanza Khisa alijibu "Jumatatu." Kwa la pili alijibu "Ndiyo, la kuziba ndilo bora." Kwa la tatu aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na hapo mmoja wa marafiki alilazimika kukaa chini. Swali la tatu lilimhusu mama yake Khisa.

Kisha Hiram aliinama chini ya benchi, akatoa bomba la inchi nne lililokatwa na kuunganishwa kwa kiwiko ili likunjike ndani ya boksi na kukwepa spea. Midomo ya bomba ilikuwa imeshapigwa msasa. Hakuna aliyeuliza lilikatwa lini. Kwa dakika ishirini alilifunga, muziki ukawashwa, na Kahiga akainua mikono juu kama aliyefunga bao. Namna ya kutumia kiwiko, Hiram alikuwa amefundishwa na Khisa.

Magari yalipoondoka, Khisa alimfuata Hiram kwenye bomba la maji.

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba unataka benchi?"

Hiram alimgeukia ili midomo yake ionekane vizuri. "Ungenipa?"

Khisa alifikiri. "La."

"Basi."

Surjit aliwaita ofisini jioni hiyo. Alizungumza polepole, akiufungua mdomo sana, kama anayezungumza na mtoto au mgeni, na Khisa aliona kwamba kuanzia sasa kila mtu atazungumza naye hivyo. Hiram atakata mbao na kuwashauri wateja. Khisa atabaki, kwa sababu ni mtu wa miaka mingi. Atapiga msasa maboksi ya Hiram.

"Msasa hautaki masikio," Surjit alisema. "Umenisikia?"

"Nimesikia, boss."

Jumatatu tarehe 15 Oktoba ataripoti saa mbili asubuhi, amsalimie Hiram, na kuanza na boksi la kwanza atakalopewa.