Jina la Kwenye Kadi

Mektilda wa Bagara, ambaye mtaani kwake watu wote humwita Mama Clemence, alikuwa na mdomo. Hilo hata wasiompenda wanakubali. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minne akimeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na miaka tisa kati ya hiyo alimeza huku mji mzima wa Babati ukijua, kwa sababu siku ya maadhimisho ya UKIMWI duniani alipanda jukwaani mwenyewe, akashika kipaza sauti, akataja jina lake na hali yake. Mumewe alihama wiki hiyo hiyo. Yeye akabaki na nusu eka ya mahindi, mwanawe mmoja, na ule mdomo.

Mdomo huo ndio ulioondoa karatasi ukutani. Pale zahanati walikochukulia dawa, mtu akipitisha tarehe yake bila kuonekana aliandikwa mtoro, kama mwanafunzi aliyeruka uzio wa shule, na majina ya watoro yalibandikwa jirani na dirisha la dawa. Mtu mzima mwenye wajukuu, mtoro! Ukija kupima malaria unayasoma. Ukimsindikiza mgonjwa wako unayasoma mara mbili. Mektilda na wenzake wa Simama, kikundi cha wanaoishi na virusi, wakalivalia njuga jambo hilo. Mwenyekiti wao, Raphael, fundi cherehani mpole, aliandika barua, na Mektilda akazisoma mbele ya mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, mstari kwa mstari, kwamba siri ya mgonjwa ni haki yake wala si hisani ya mtu. Walikwenda mara saba. Mara ya nane karatasi ikabanduliwa.

Mganga mfawidhi alikuwa mjanja. Alitabasamu akasema, "Sawa, ya ukuta nimewasikia. Basi hao watoro mtawatafuta nyinyi wenyewe. Si mnasema mnajuana?"

Wakampigia makofi. Makofi, jamani! Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama hao wanaotafutwa wanataka kutafutwa.

Kazi ikawa ya Mektilda, naye akaifanya kwa maringo kidogo. Hakuvaa fulana ya kikundi. Hakubeba karatasi, majina aliyakariri. Alijitwisha tenga la parachichi ili aonekane mchuuzi. Bagara ilimwendea vizuri kwa sababu nyumba nyingi alizijua. Kisha akapewa jina la mtu wa Singe: Rogathe Sosthenes, miaka ishirini na minne, hajaonekana miezi mitatu.

Huko Singe alikuta wanawake wanne uani wakipepeta mbaazi. Akatua tenga, akamwamkia mkubwa wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Samahani, kwa Rogathe ni wapi?"

Wakatazamana. Mmoja wa wale wadogo akajibu, "Rogathe? Hapa hatuna Rogathe."

"Rogathe Sosthenes," alisema Mektilda, akiongeza sauti kana kwamba shida ilikuwa masikio yao.

Hapo ndipo alipoharibu. Mwanamke wa kule akishazaa, jina lake linakwisha kazi. Majirani watapanda naye, watavuna naye, watamzika, na hawatajua alibatizwa nani. Jina linabaki kwa baba yake, kanisani, na kwenye kadi ya dawa. Nani angelijua hilo kuliko Mektilda, ambaye yeye mwenyewe hakuitwa Mektilda na mtu yeyote ila nesi? Miaka yote hiyo anaitwa Mama Clemence, halafu anasimama uani kwa watu na kuita jina la daftarini, kama karani wa mahakama! Angeuliza mtoto wa yule binti anaitwa nani, angesalimika. Lakini orodha ilisema Rogathe, naye akaifuata orodha.

Yule mama mkubwa, Anastasia, aliweka ungo chini taratibu. "Rogathe ni mke wa mwanangu. Ndiye Mama Careen. Wewe hilo jina umelitoa wapi?"

"Tulisoma wote," alijibu Mektilda. Mwanamke wa miaka arobaini na nane!

Mmoja wa wale wapepetaji alicheka. Kisha kicheko kikamkauka, akamkazia macho. "Wewe si yule mama wa jukwaani?"

Rogathe alitokea jikoni mikono ikiwa na unga. Alimtazama Mektilda, akamtazama mkwewe, na hakuna aliyehitaji kusema zaidi.  Mektilda aliondoka akiacha parachichi zake pale pale.

Kufikia Jumapili Rogathe alikuwa barabarani na godoro lake. Mumewe, Yohanes, hakufungua kinywa, si kumtetea wala kumfukuza. Mtoto alibaki kwa bibi yake. Anastasia alisema mjukuu wake hatakwenda kulishwa maradhi.

Habari zilipomfikia Raphael, upole wake wote uliyeyuka. Aliamini siri imevujishwa na mtu wa zahanati. Akaandika barua kali kuliko zote, akaomba kikao, akampa Mektilda aisome. Mektilda alikaa nayo siku nne. Angeweza kunyamaza, na nakuambia ukweli, alitamani sana kunyamaza. Siku ya kikao alisimama, akaikunja ile barua.

"Aliyetoboa siri ni mimi," alisema. "Nilimtaja kwa jina la kwenye kadi."

Mganga mfawidhi hakukasirika. Aliandika polepole, kalamu ikatulia. "Ukuta wangu," alisema, "haukuwa na miguu ya kwenda Singe."

Mektilda alimfuata Rogathe huko Nakwa, alikopanga chumba na kuanza kufulia watu nguo. Rogathe alimpokea nje, wima.

"Mimi sikuwa mtoro, mama. Nilikuwa nachukua dawa Magugu, kwa dada yangu, nisionekane hapa mjini. Kidonge sijaruka hata kimoja."

"Sikujua, mwanangu."

"Hukuuliza. Mlinidaia haki ya kutobandikwa ukutani. Haki ya kuachwa nilivyo, mlimwuliza nani?"

 Mektilda alirudi Bagara kwa miguu akilia hadharani, na waliompita walimwamkia wakaona bora wasiulize.

Baada ya hapo akaanza vita vingine, safari hii na kikundi chake. Alitaka kila mgonjwa aulizwe kabla: akikosa kuja, atafutwe au asitafutwe? Na nani, wapi, kwa jina gani? Akisema hapana, iwe hapana. Raphael alimwambia anawatupa watu. Walizozana miezi miwili, ndipo swali likaingizwa daftarini, na Mektilda akawekwa mezani kuliuliza.

Wiki ya kwanza akaja Rogathe. Alikuwa amehamishia dawa zake mjini, maana hakuwa tena na cha kuficha.

"Ukikosa kuja, tukutafute?"

"Hapana."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa."

Mektilda akaandika hapana. Rogathe akatia sahihi.

Alikuja mwezi ule, akaja na uliofuata. Wa tatu hakuonekana. Wa nne hakuonekana. Mektilda alijipa moyo kwamba labda amerudi Magugu, labda anameza kama zamani. Kisha mama mmoja wa Nakwa aliyekuwa kwenye foleni akasema yule binti wa kufua amekonda vibaya, anakohoa, na tangu mkwewe amkatalie kumwona mtoto hali chakula vizuri.

Raphael alisikia. Akaja mezani, akainama. "Mama Clemence, chumba unakijua. Nenda."

Mektilda alifungua daftari, akamwonyesha.

"Utamwacha afe kwa sababu ya herufi sita?"

"Ni zake," alisema Mektilda. Aliliacha daftari wazi, na mgonjwa aliyefuata ndiye aliyemfungia.