Majani ya ndizi juu ya sima ya Furaha

Leo nusura binti yangu afukuzwe kazi kwa sababu yangu.

Furaha anajaza sima, ile saruji ya kujengea, kati ya mawe, pembeni ya pisini ya kuogelea ya oteli inajengwa hapa Kasongo. Jana jua lilipasua yote. Shefu wa kazi akamuambia, "Ikipasuka tena, ubaki kwenu."

Saa sita nikamupelekea bugali. Nikaona jua linawaka juu ya kazi yake ya asubuhi.

Woga ukanishika. Nikakata majani ya ndizi, nikayalowesha, nikafunika sima yote, vile tunafunikaka udongo tukisiriba nyumba.

Kumbe shefu iko nyuma yangu.

"Nani ametupa takataka hapa?"

"Ni mie, baba. Unisamehe, mutoto hana kosa."

Nikaanza kuyakusanya. Furaha anaangalia chini.

Shefu akainama, akapitisha kidole ku sima. Ingali na majimaji, hakuna mupasuko hata mumoja.

"Mama, rudisha majani. Furaha, kesho ukate mengine."

Kesho. Mumesikia? Amesema kesho.

Nilikaa chini pale pale, ku mawe ya watu. Aksanti Mungu. Aksanti na kwa shefu, hata kama aliita majani yangu takataka.

Furaha anacheka mpaka sasa. Wamama wenzangu, nanyi mungeangalia tu jua likipasua kazi ya mutoto wenu?