Matanga ya Sili

Shangazi Icilda, mkaanga samaki wa pwani yetu ya kusini mwa Jamaika, amezika nusu ya kijiji na bado ana nguvu za kuwasengenya. Mwaka huu aliamua kumfanyia matanga sili, mnyama wa bahari aliyekwisha kabisa kwetu. Mkesha wa siku ya tisa, kama tunavyomfanyia mtu aliyekufa, maana baba yake Shangazi alikuwa mmoja wa waliomwinda.

Mwanawe Vassell, anayewapeleka watalii visiwa vya Pedro kumtafuta huyo sili, nusura azimie.

"Mama, ukimwombolezea, nani atapanda boti yangu?"

"Miaka yote hiyo umewaonyesha nini? Magogo?"

"Mara moja lilikuwa pipa."

Matanga yakawekwa: ramu, mikate ya muhogo, domino zikigongwa mezani. Mtalii wa safari ya kesho akachungulia uani, akamuuliza Vassell nani kafa. Sote tukaacha domino tusikie uongo wake.

Vassell akamtazama mama yake, akashusha pumzi.

"Sili," akasema. "Babu zetu walimmaliza kwa virungu, wapate mafuta yake ya kuwashia taa. Alikuwa hakimbii, bwana. Alikuwa anawaangalia tu."

Shangazi akamvutia mtalii kiti, akamtuma mwanawe akalete sahani nyingine.